Utafiti wa Viumbe: Je, ni Kupoteza Umri?

Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ya akili na elimu, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darasa zetu limekuwa likiulizwa mara kwa mara swali ambalo tumeona lastahili kujibiwa kwa maandishi, ili lisomwe na wazazi na vijana pamoja. Swali lenyewe ni hili: kijana wa Kiislamu aliyekwisha kupata shahada yake ya kwanza katika biolojia, yaani elimu ya viumbe vyenye uhai, naye ataka kuendelea na shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu, kwa njia ya utafiti, je, afanya jambo la kheri, au apoteza umri wake na mali ya wazee wake?

Wanaouliza hawakosi sababu. Lau kijana angesema ataka kuwa tabibu, nyumba nzima ingefurahi, kwani kazi ya tabibu yajulikana na faida yake yaonekana. Lau angesema ataka kazi ya benki au ya bandarini, mzee angejua mshahara utaanza lini. Lakini kijana huyu, au binti huyu, asema kwamba ataka miaka miwili, kisha mitatu au minne au zaidi, ili achunguze vipi mikoko yamea tena baada ya kukatwa, au vipi mbu wa aina fulani wazoea dawa zinazopulizwa majumbani. Mzee husikia na kushangaa: miaka yote hiyo kwa ajili ya mbu?

Yatupasa kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyo, kwani watu wengi hulihukumu bila ya kulijua. Shahada za juu ni za namna mbili. Iko ile ambayo mwanafunzi huketi darasani, akasomeshwa yaliyokwisha kujulikana, akatahiniwa, akafaulu. Na iko ya utafiti, ambayo mwanafunzi hutakiwa atafute swali ambalo jibu lake halimo katika kitabu chochote. Husoma kwanza yote yaliyoandikwa na waliomtangulia katika jambo hilo, akaandika ombi la kueleza atakavyolichunguza na kwa nini, akapata idhini, kisha akenda maabara, au pwani, au msituni, akapima, akahesabu, akaandika kila siku aliyoyaona. Mwisho hutunga tasnifu, akaketi mbele ya watahini wenye ujuzi wamwulize: umejuaje? Kwa nini usiseme kinyume chake? Na huyu msimamizi wake aliyemwongoza njia nzima, mfano wake ni kama shekhe kwa mwanafunzi wake: hamfundishi kitabu tu, humfundisha vipi mwenye elimu husema na vipi hunyamaza.

Basi mwenye kufahamu haya ataona kwamba kinachofundishwa hapa kwa hakika si mbu wala si mikoko. Kinachofundishwa ni kujua ni wakati gani mtu ana haki ya kusema "najua".

Na jambo hili si geni kwetu. Sisi katika ukurasa huu tumekuwa tukisema daima kwamba haifai mtu kushika jambo kwa sababu tu amewakuta wazee wake wakilishika, bali atake dalili. Mwenyezi Mungu ametukataza kufuata tusiyokuwa na elimu nayo, na ametuamrisha tupeleleze khabari kabla ya kuipokea. Wanazuoni wa hadithi walilitimiza hilo kwa taabu kubwa. Imepokewa kwamba sahaba Jabir bin Abdallah alisafiri mwendo wa mwezi mzima ili aisikie hadithi moja tu kwa aliyeisikia kwa Mtume. Hapana mtu leo asemaye kwamba Jabir alipoteza mwezi wake. Vipi basi tuwe wakali wa kutaka dalili katika mambo ya dini, kisha katika mambo ya maumbile, ambayo pia ni kazi ya Mola wetu, turidhike na kila tuambiwalo?

Wako watakaosema kwamba mambo ya dini yana wahyi, na haya ya wadudu na miti hayana. Tutawajibu kwamba hiyo ndiyo sababu yahitaji utafiti zaidi. Imethibiti katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa Madina nao wapandisha mitende, watia maua ya mtende dume katika mtende jike, akasema kwamba hadhani jambo hilo lafaa kitu. Wakaliacha, na mazao yakapungua. Alipopata khabari aliwaeleza kwamba ile ilikuwa ni dhana yake tu, na kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Mwenye akili na aizingatie khabari hii. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliwarejeza watu kwenye ujuzi wa majaribio katika jambo la mtende, ni nani baada yake atakayetaka neno lake katika jambo la namna hiyo lipokewe bila ya kujaribiwa?

Sasa tutoe mfano wa karibu, wa bahari yetu hii hii. Mnamo Disemba 1938, karibu na mji wa East London huko Afrika Kusini, ilivuliwa samaki wa ajabu, mwenye mapezi manene mithili ya viungo. Msimamizi wa jumba la makumbusho la mji huo, bibi Marjorie Courtenay-Latimer, alimwona akajua kwamba si samaki wa kawaida, akamwandikia mwanachuoni wa samaki aitwaye J. L. B. Smith. Smith akatambua kwamba samaki huyo ni wa jamii ambayo wataalamu wote waliamini imekwisha toweka duniani kadiri ya miaka milioni 66 au zaidi, kwani walikuwa wakiiona katika mawe tu. Lakini matumbo yake yalikuwa yamekwisha kutupwa. Smith akakaa miaka 14 akimtafuta wa pili, akachapisha makaratasi yenye picha na ahadi ya zawadi, yakasambazwa katika pwani za Afrika ya Mashariki na visiwani. Hata Disemba 1952 akapatikana, wapi? Katika kisiwa cha Anjouan, huko Ngazija na visiwa vyake, na aliyemvua ni Mwislamu, Ahmadi Abdallah.

Na jambo la kuzingatia ni kwamba wavuvi wa huko hawakushangazwa na samaki yule. Walikuwa wakimnasa mara chache tangu zamani, na jina lake walilijua, humwita gombessa, na nyama yake hawakuipenda sana. Ulimwengu wa elimu wasema ametoweka, na ndugu zetu wamtia mashuani! Walakini elimu ile haikuhesabiwa kuwa ni yao. Kwa nini? Hatusemi kwamba wamedhulumiwa na Smith, kwani mtu yule alitaabika, na mwenye kutaabika hupata. Twasema kwamba waliona, lakini hapakuwa na miongoni mwao aliyesomeshwa kukigeuza kile kilichoonekana kiwe elimu ya kuthibitika: kupima, kupasua, kulinganisha na mawe ya zamani, kuandika, na kuyaweka maandishi mbele ya wajuzi wengine wayapinge au wayakubali. Macho tunayo, na ujuzi wa bahari twarithi baba kwa mwana. Tunachokikosa ni watu wa kazi hii, na shahada ya utafiti ndiyo chuo cha kuwatoa.

Tuje katika hukumu. Wanazuoni wamegawanya faradhi mafungu mawili: faradhi ya kila mtu, kama sala na saumu, na faradhi ya kutoshelezana, ambayo wakiifanya baadhi ya watu wengine husalimika, na wakiiacha wote, wote hupata dhambi. Imamu Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, aliingiza elimu ya tiba katika fungu hili la pili, akawalaumu watu wa zama zake kwamba wasongamana katika mijadala ya fikihi, na hali iko miji ambayo haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Nasi twauliza: tiba yenyewe yatoka wapi? Tabibu hutibu kwa yale yaliyopatikana na watafiti. Kwa karne nyingi watu, na matabibu miongoni mwao, walidhani homa ya malaria yaletwa na hewa mbaya, na hata jina lake kwa Kitaliana lina maana hiyo. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, akaviona vimelea vyake katika damu kwa hadubini mwaka 1880, naye yuko Constantine, mji wa Waislamu katika Algeria. Ronald Ross akaviona katika tumbo la mbu huko Secunderabad, India, mwaka 1897, baada ya kupasua mbu kwa mamia. Nani leo atasema kwamba miaka ile ilipotea kwa ajili ya mbu?

Na haya si ya mbali wala ya zamani tu. Chanjo ya kwanza ya malaria, iitwayo RTS,S, iliundwa mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto wengi wapewe mnamo Oktoba 2021. Hesabu ni miaka 34. Majaribio yake makubwa ya mwisho yalifanywa katika nchi 7 za Afrika, na Kilifi ni mahali pamojawapo. Waliofanya kazi hiyo wengi wao walianza kwa shahada kama hizi tunazoziulizia: mmoja alipima jambo moja, mwingine akalikamilisha, wa tatu akalisahihisha. Hakuna aliyejenga nyumba nzima peke yake, kila mmoja aliweka jiwe lake. Kituo cha utafiti cha Kilifi kipo tangu 1989. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ipo Mombasa tangu 1979. Chuo Kikuu cha Pwani kilipata hati yake mwaka 2013. Milango iko mlangoni mwetu. Watoto wetu wakiwa ni wa kutolewa damu tu, na wavuvi wetu ni wa kuulizwa maswali tu, na mwenye kuuliza daima ni mtu wa kutoka mbali, basi lawama tusiitafutie mwenyewe mbali.

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba kila kijana aende. Jambo zuri likifanywa na asiyefaa, au kwa njia isiyofaa, huharibika, na hapa pana khatari tatu ambazo yatupasa tuzitaje.

Ya kwanza ni niya. Wako waitakao shahada ya uzamivu ili waitwe Daktari, watangulizwe katika majilisi, na picha zao zitiwe katika kuta. Mtu wa namna hii ataikuta njia nzito mno, kwani utafiti haumheshimu mtu. Siku nzima aweza kufanya jaribio, umeme ukakatika, kazi ya wiki tatu ikaharibika. Aweza kukaa mwaka mzima akingojea jibu la ndiyo, likaja jibu la hapana. Asiyekuwa na hamu ya kulijua jambo lenyewe hatasubiri, na akisubiri, atajaribiwa na ile khatari ya pili.

Nayo ni khiyana. Mtafiti huwa peke yake na daftari lake, na aliyoyaona hapana mwingine ayaonaye. Akibadili tarakimu moja, nani atajua? Huko Korea ya Kusini alikuwako mwanachuoni mkubwa, Hwang Woo-suk, aliyetangaza mwaka 2004 na 2005 kwamba ameunda viinitete vya binadamu kwa namna isiyopata kufanywa na kutoa katika hivyo seli za kutibu. Nchi nzima ikamsifu. Kisha mtu aliyewahi kufanya kazi naye akatoboa siri, chuo chake kikachunguza, ikadhihirika kwamba natija zile ni za kubuni, na mnamo Januari 2006 makala zake zikafutwa. Wagonjwa waliokuwa wameweka matumaini yao kwake wakabaki mikono mitupu. Wazee wetu wa hadithi walikuwa wakimwacha mpokezi aliyejulikana kwa uwongo, hata akisema kweli mara nyingine, kwa sababu uwongo mmoja huutia sumu mtungi mzima. Sheria ya maabara ni hiyo hiyo. Mwanafunzi aandikaye "nilidhani itakuwa hivi, na haikuwa" amefanya kazi ya haki, na huenda amewaokoa wengine wasipite njia isiyofika.

Na khiyana si ya tarakimu tu. Anayechukua damu ya mtoto ni lazima mzazi wake afahamu kwa lugha yake kinachochukuliwa na kwa nini, akubali kwa hiyari yake, na awe na haki ya kukataa. Anayepewa siri ya mti wa dawa na mganga, au siri ya mwamba wenye samaki na nahodha, asiichapishe kana kwamba aliiokota njiani. Anayefanya majaribio kwa mnyama asimtie adhabu isiyo na haja, kwani mnyama naye ana haki kwetu, na tutaulizwa. Siku hizi ziko kamati za kupitisha mambo haya kabla ya kazi kuanza, na hiyo ni kheri, lakini kamati husoma karatasi, na ya moyoni huyajua Mola.

Ya tatu ni haki za watu. Kijana ambaye wazazi wake ni wazee na wadogo zake wamtegemea kwa chakula, hawi na ruhusa ya kuwaacha na njaa kwa jina la elimu. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi wa uzamivu wa biolojia hulipiwa ada na hupewa posho, naye hufundisha au hutumika maabara. Kwetu wengi hujilipia, isipokuwa aliyepata ufadhili au nafasi katika mradi. Basi kijana asiingie kwa pupa. Aulize kwanza mambo matatu: nani atakayenisimamia, na wanafunzi wake waliotangulia walimaliza au walitelekezwa? Swali langu lapimika kwa muda na vyombo nilivyo navyo, au ni kubwa mno? Na gharama za kazi yenyewe, si ada peke yake, zatoka wapi? Msimamizi mwenye jina kubwa asiyekuwa na wakati ni kama kisima kirefu kisichokuwa na kamba. Na asiyepata majibu ya mambo haya, akafanya kazi kwanza miaka miwili mitatu, hakupungukiwa na kitu.

Yabaki khofu moja inayosemwa kwa sauti ya chini: kwamba biolojia itamtoa mtoto katika dini, khasa akikutana na mafundisho ya Darwin aliyoyaeneza kwa kitabu chake cha mwaka 1859. Kuyapima mafundisho hayo si makusudio yetu leo. Twasema hili tu: mwanafunzi na ayasome hata ayafahamu kama wanavyoyafahamu wenyewe, ajue lipi limeonekana kwa macho na lipi limetolewa kwa kukisia, wala asijibu asichokifahamu, kwani kujibu bila ya kufahamu ni aibu kwa dini kabla ya kuwa aibu kwake. Mzazi mwenye khofu na amfundishe mwanawe dini yake kwa dalili tangu utotoni. Imani iliyolindwa kwa kufungiwa dirisha itapeperuka siku dirisha litakapofunguliwa, na dirisha halikosi kufunguliwa.

Sasa tuseme na wenye uwezo katika miji yetu. Twajua kutoa. Twatoa katika harusi, twatoa katika hitima, na majengo ya misikiti yetu ni ushahidi wa ukarimu wa watu wetu. Walakini ni wangapi waliopata kufikiri kwamba kumlipia binti maskini ada ya shahada ya utafiti, au kumnunulia kijana mafuta ya mashua afike mikokoni kila mwezi kwa mwaka mzima, ni sadaka yenye kuendelea? Waislamu waliotangulia waliweka wakfu kwa mahospitali, na kwa vyuo, na kwa maktaba. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, aliyeeleza jinsi damu ipitavyo mapafuni kinyume cha walivyosema wakubwa waliomtangulia, aliacha nyumba na vitabu vyake wakfu kwa hospitali ya mji ule. Alithubutu kumkosoa Galen aliyekuwa akifuatwa kwa zaidi ya miaka 1,000, kisha hakuificha elimu wala mali yake.

Muhtasari wa maneno yetu ni huu. Mwenye niya safi, na amana, na ambaye hakumdhulumu anayemtegemea, kutafiti kwake viumbe vya Mwenyezi Mungu si kupoteza umri, bali ni kuwaondolea watu wa mji wake faradhi iliyowakaa shingoni. Na asiyekuwa na haya matatu, kukaa kwake nyumbani ni bora kwake na kwa elimu. Mzazi asimuulize mwanawe tu, "Utalipwa ngapi?" Amuulize pia, "Wataka kujua nini, na utajuaje kwamba umejua kweli?" Akijibu vizuri, na amwombee dua, amfungie safari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atukinge na elimu isiyokuwa na amana. Amin.